Presha ya Damu: Kwa Nini Vidonge Haviachwi Hata Ukijisikia Vizuri

Malaria huja na homa, kuhara kunaonekana, na kikohozi kinasikika hata nyumba ya pili. Presha ya damu haina kelele. Mtu anaweza kukaa nayo miaka 10, akilima, akichota maji na kubeba kuni, bila kuumwa hata kichwa. Familia nyingi huijua siku ambayo mzee wa nyumba ameamka, mkono mmoja hauinuki na maneno hayatoki vizuri.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya kupanda, na karibu nusu yao hawajui kwamba wanayo. Wengi wao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama hizi zetu. Hata wanaojua, wengi hukatisha matibabu katikati. Mtu anapimwa, anaambiwa ana presha, anapewa vidonge vya mwezi mmoja. Anavimaliza, anajisikia vizuri, harudi tena.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya familia zinazoishi katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, kama Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, na kwa wenyeji wa vijiji vinavyozunguka makazi hayo, kwa sababu wote wanapanga foleni kwenye vituo vilevile vya afya. Ukilikumbuka jambo moja tu, likumbuke hili: vidonge vya presha havifanyi kazi kama vya malaria. Havimalizi ugonjwa. Vinaishusha presha siku unazovimeza, na ukiviacha inapanda tena bila kukuambia.

Presha ni kitu gani?

Moyo ni kama pampu. Kila unapopiga, unasukuma damu kwenye mishipa ili ifike kichwani, kwenye figo, miguuni na kila sehemu ya mwili. Damu inapopita, inasukuma kuta za mishipa. Msukumo huo ndio presha, na kila mtu aliye hai anayo. Tatizo linaanza pale msukumo unapokuwa mkubwa kupita kiasi na kubaki hivyo mchana na usiku.

Fikiria bomba la maji kwenye kituo cha kuchotea maji. Maji yakija kwa nguvu ya kawaida, bomba linadumu miaka mingi. Yakija kwa nguvu kubwa kila siku, viungio vinalegea na bomba linachoka, hata kama kwa nje halionyeshi chochote. Mishipa ya damu nayo inachoka. Inakakamaa, njia ya ndani inakuwa nyembamba, na siku moja mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Hicho ndicho kiharusi, ambacho wengi huita kupooza.

Wengi tunasema "presha", na baadhi ya ndugu waliotoka Kongo husema "tansio". Kwenye daftari lako la matibabu, mara nyingi utaona herufi BP na mbele yake namba mbili. Yote ni jambo moja.

Namba mbili na maana yake

Namba ya juu inaonyesha msukumo wakati moyo unapopiga. Namba ya chini inaonyesha msukumo wakati moyo umepumzika kabla ya kupiga tena. Kwa mtu mzima ambaye si mjamzito, zisome hivi:

- Chini ya 120/80: vizuri. Rudi upime tena baada ya mwaka mmoja.
- Namba ya juu kati ya 120 na 139, au ya chini kati ya 80 na 89: hujafika kwenye ugonjwa, ila uko karibu. Anza kupunguza chumvi na upime tena baada ya miezi michache.
- 140/90 au zaidi: kipimo kirudiwe siku nyingine. Kikibaki hivyo, una presha ya kupanda. Hata namba moja tu ikiwa juu, inahesabika.
- 180/110 au zaidi: usirudi nyumbani kabla ya kuonana na mganga, hata kama hujisikii vibaya.

Usiondoke bila kujua namba zako. Unaweza kusema tu: "Musawo, presha yangu leo ni ngapi? Naomba uniandikie kwenye daftari." Hiyo ni haki yako, na namba hizo zitakusaidia ukihudumiwa na mtu mwingine mwezi ujao. Kama huelewani na mhudumu kwa lugha, omba mtu akutafsirie. Katika vituo vingi yupo mhudumu au mtu wa kujitolea anayejua Kiswahili au Kinyarwanda.

Namna ya kupimwa vizuri

Kipimo kimoja kibaya kinaweza kumtia hofu mtu mzima kabisa, au kumficha mgonjwa. Ukitembea saa nzima juani, ukasimama kwenye foleni, kisha ukapimwa palepale, presha itaonekana juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo:

- Kaa na upumzike dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo ukiwa umeegemea na nyayo zote mbili zikiwa chini. Usikunje mguu juu ya mwingine.
- Nenda haja ndogo kwanza. Mkojo uliobanwa unapandisha presha.
- Usinywe kahawa wala kuvuta sigara katika dakika 30 kabla ya kipimo.
- Kitambaa cha mashine kifungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta, na mkono uwe umelala mahali panapolingana na moyo.
- Nyamaza wakati mashine inapima.

Kama vipimo viko juu na unajua ulikuwa umekimbia au umekasirika, sema. Mhudumu anaweza kukupumzisha na kupima mara ya pili.

Anayestahili kupimwa ni kila mtu mzima, angalau mara moja kwa mwaka. Wasikose hasa waliofikisha miaka 40, wenye kisukari, wenye uzito mkubwa, wanaovuta sigara au kunywa pombe nyingi, na wale ambao mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kupata presha au kiharusi. Akina baba ndio hukosa mara nyingi, maana mama hupimwa kila anapokwenda kliniki ya ujauzito, lakini baba huenda miaka bila kufika kituoni. Kama umempeleka mtoto kutibiwa, omba nawe upimwe.

Inaharibu nini wakati imenyamaza?

Watu wengi wanaamini kwamba presha ikipanda lazima kichwa kiume, au damu itoke puani. Si hivyo. Kichwa huuma kwa sababu nyingi, na wenye presha wengi hawaumwi kichwa. Ukingoja dalili ndipo umeze dawa, unangoja madhara.

Madhara yenyewe huenda sehemu nne. Kichwani, presha huleta kiharusi. Moyoni, misuli ya moyo inachoka kwa kusukuma kwa nguvu kila siku. Baadaye miguu inavimba na mtu anashindwa kupumua akilala chali. Machoni, mishipa midogo inaharibika na uwezo wa kuona unapungua. Kwenye figo, vichujio vya damu vinakufa kidogo kidogo. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, na huduma hiyo inapatikana katika hospitali chache kubwa tu, kama Kiruddu mjini Kampala. Kwa familia inayoishi mbali kwenye makazi, hiyo ni safari isiyo na mwisho. Kidonge kimoja kwa siku leo ni nafuu kuliko hayo yote.

Kwa nini vidonge haviachwi

Ukipata malaria unameza dawa siku 3, vijidudu vinakufa, umepona. Presha haina vijidudu vya kuua. Mara nyingi husababishwa na mambo mengi kwa pamoja: umri, damu ya ukoo, chumvi, uzito, na namna figo na mishipa zinavyofanya kazi. Vidonge vinailegeza mishipa au vinasaidia mwili kutoa maji na chumvi iliyozidi. Kazi hiyo inadumu kwa muda dawa ikiwa mwilini, kisha inaisha.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mtu anapimwa, anakuta 130/80, anasema: "Nimepona." Hajapona. Ile 130/80 imeletwa na dawa. Akiacha, kwa siku chache au wiki chache inarudi 160 au 170, na kwa kuwa haiumi, hajui. Baadhi ya dawa zikikatishwa ghafla, presha hupanda kwa kasi kuliko hata ilivyokuwa mwanzo. Dawa inapunguzwa au kubadilishwa na mganga peke yake, baada ya kuona vipimo vya miezi kadhaa.

Meza kidonge saa ileile kila siku. Kiunganishe na jambo ambalo hulisahau, kama chai ya asubuhi, sala, au kuwasha moto wa jioni. Ukisahau, meza utakapokumbuka siku hiyohiyo; usimeze viwili kesho yake kufidia. Mtoto wa shule katika nyumba anaweza kupewa kazi ya kumkumbusha bibi au babu kila siku.

Wapo wanaofunga, msikitini na kanisani. Dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku, hivyo mara nyingi inawezekana kupanga zimezwe wakati wa futari au daku. Muulize mhudumu kabla ya kuanza kufunga, usiamue mwenyewe kuziacha. Na kwa wanaoombewa, maombi na vidonge havigombani. Endelea na vyote viwili, kisha mashine ya kupimia ndiyo ionyeshe presha imefika wapi.

Dawa ikikusumbua

Sababu nyingine ya watu kuacha dawa ni usumbufu ambao hawakuelezwa mapema. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu au kuleta kichwa kuuma siku za mwanzo. Enalaprili na kaptoprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Dawa za kutoa maji mwilini zinakufanya ukojoe mara nyingi, ndiyo maana mara nyingi humezwa asubuhi. Ukiona lolote kati ya hayo, usizitupe. Rudi kituoni ueleze, kwa kuwa kuna aina nyingine za kubadilisha. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla baada ya kumeza dawa, hiyo ni dharura: nenda kituoni saa hiyohiyo.

Na usimeze vidonge vya jirani, hata kama naye ana presha. Dawa inayomfaa yeye inaweza kukuumiza wewe kwa sababu ya figo, pumu, kisukari au ujauzito. Ukimgawia vyako, nyote wawili mtakosa dozi kamili.

Kuna dawa nyingine zinazopandisha presha bila watu kujua, nazo ni za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa kwa urahisi kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya mgongo na magoti, zinapandisha presha na kuumiza figo zikitumiwa mara kwa mara. Mwenye presha aulize kwanza. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi.

Dawa zikikosekana, au ukihama

Katika vituo vya afya vya serikali nchini Uganda, ada za wagonjwa ziliondolewa mwaka 2001, na mkimbizi anatibiwa pamoja na mwenyeji. Lakini kila mtu anajua kwamba dawa wakati mwingine huisha. Mambo haya yatakusaidia:

- Rudi wiki moja kabla vidonge havijaisha, usingoje cha mwisho. Dawa ikiwa haipo, utakuwa na siku chache za kutafuta.
- Dawa yako isipokuwepo, uliza: "Je, kuna nyingine inayofanya kazi hiyohiyo?" Mara nyingi ipo.
- Isipokuwepo kabisa, omba uandikiwe jina la dawa na kiasi chake, na uulize kama unaweza kupelekwa kituo cha ngazi ya juu. Kituo cha ngazi ya III kina maabara na mganga. Cha ngazi ya IV huongozwa na daktari.
- Kama unalazimika kununua, nenda na karatasi uliyoandikiwa na nunua aina hiyo tu. Huna haja ya kununua ya bei kubwa ikiwa jina la dawa lenyewe ni lilelile.
- Tunza pakiti tupu ya dawa. Ukifika kituo kipya, pakiti hiyo inaeleza kila kitu hata kama huelewani na mhudumu kwa lugha.

Hili la pakiti ni muhimu zaidi kwa wanaohama. Anayevuka mpaka pale Bunagana na kupitia kituo cha Nyakabande kabla ya kupelekwa kwenye makazi anaweza kukaa siku nyingi njiani. Kama una presha, sema siku ya kwanza unapofanyiwa uchunguzi wa afya, usingoje mpaka upate kiwanja. Vidonge na daftari vikae kwenye mfuko wa mkononi, si katika mzigo unaopakiwa kwenye lori.

Ndani ya nyumba, usiviweke vidonge juu karibu na bati au turubai, kwa sababu joto linaviharibu. Viache ndani ya karatasi yake, mahali pakavu, mbali na watoto. Vidonge vichache vya presha vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Jikoni: chumvi kwanza

Chumvi hushika maji mwilini. Maji yakiongezeka kwenye damu, msukumo nao unaongezeka. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku hiyo.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Chukua familia ya watu 6. Kwa gramu 5 kila mmoja, ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo inapaswa kudumu siku 16 au zaidi, na ikiwa kuna watoto wadogo idumu zaidi ya hapo. Kama kwenu inaisha ndani ya wiki moja, mnakula zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachofaa. Andika tarehe kwenye pakiti siku unapoifungua, na utajua.

Chumvi haiko kwenye pakiti peke yake. Iko kwenye vile vidonge vya mchuzi kama Maggi na unga wa mchuzi kama Royco. Iko kwenye makayabo na samaki wengine wa chumvi. Magadi yanayolainisha maharage nayo yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Hapa kuna mambo yanayowezekana hata msaada wa chakula ukiwa umepungua:

- Ukitia kidonge cha mchuzi, usitie chumvi tena kwenye sufuria hiyo.
- Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale, ndipo upike. Yanaiva haraka bila magadi na unaokoa kuni.
- Makayabo yalowekwe na maji yabadilishwe mara kadhaa kabla ya kupikwa.
- Kitunguu, nyanya, ndimu, tangawizi na pilipili huleta ladha bila chumvi.
- Ondoa kopo la chumvi mezani. Punguza kidogo kidogo. Baada ya wiki chache ulimi unazoea.

Usiiache chumvi kabisa. Chumvi ya pakiti huwekwa madini joto, ambayo mwili unayahitaji ili kuzuia goita na kumsaidia mtoto kukua akili, tangu akiwa tumboni. Nunua hiyo yenye madini joto, tumia kidogo.

Mboga za majani na matunda husaidia kushusha presha. Mchicha, ambao wengine huuita lengalenga na majirani zetu huuita dodo, unaota hata kwenye gunia lililojazwa udongo nyuma ya nyumba. Sombe, majani ya maboga, maharage, ndizi, mapapai na maparachichi vyote ni vizuri. Mgonjwa wa figo pekee ndiye anayehitaji kumuuliza mganga kwanza. Kitunguu saumu na ndimu ni chakula kizuri, lakini havichukui nafasi ya vidonge.

Mwili na mawazo

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kutumia mwili kwa wiki, kiasi cha nusu saa kwa siku 5. Anayelima na kuchota maji tayari anazo. Wanaohitaji kujiangalia ni wale wanaokaa dukani au kwenye cherehani kutwa nzima. Kutembea kwa haraka kwenda sokoni kunatosha.

Pombe nyingi hupandisha presha, na waragi ni kali kuliko watu wanavyodhani. Sigara inaharibu mishipa ileile ambayo presha inaichosha, kwa hiyo mwenye presha anayevuta sigara yuko kwenye hatari maradufu.

Wengi husema: "Presha yangu ni ya mawazo." Kuna ukweli hapo. Hofu, msiba na kukosa usingizi vinaweza kupandisha presha kwa muda, na mtu aliyekimbia vita ana sababu za kutosha za kukosa usingizi. Mawazo pia humfanya mtu anywe zaidi, avute sigara, au asahau dawa. Lakini namba zikibaki juu wiki hadi wiki, mishipa inaharibika, iwe chanzo ni mawazo au kitu kingine. Tibu vyote viwili: meza vidonge, na uzungumze na mshauri nasaha wa kituoni au kwenye makazi kuhusu kinachokukosesha usingizi.

Mjamzito ni jambo la pekee

Presha inaweza kuanza wakati wa ujauzito kwa mwanamke ambaye hakuwa nayo kabisa, hasa baada ya wiki ya 20. Ikienda pamoja na protini kwenye mkojo au dalili nyingine, inaweza kufika kwenye degedege, yaani kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto. Si uchawi wala pepo. Kinatibika hospitalini kwa sindano, na dawa pekee ya kukimaliza ni mtoto kuzaliwa.

Ndiyo maana mama anapimwa presha na mkojo kila anapohudhuria kliniki, na WHO inashauri mahudhurio 8 kwa ujauzito mmoja. Mama aende kituoni siku hiyohiyo akipata kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono kuvimba ghafla. Hatari hii inaendelea hadi wiki 6 baada ya kujifungua. Na mwanamke anayemeza enalaprili, kaptoprili au losatani aseme mara anapohisi ana mimba, au mapema zaidi akiwa anapanga kuzaa. Dawa hizo zinamdhuru mtoto tumboni na kuna nyingine za kubadilisha.

Siku ya dharura

Kila mtu nyumbani, hata mtoto wa miaka 10, ajue dalili za kiharusi. Mwambie mgonjwa atabasamu: je, upande mmoja wa mdomo umeanguka? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi fupi: je, maneno yamevurugika? Ukiona hata moja, ni dharura. Vivyo hivyo kwa maumivu makali ya kifua, kushindwa kupumua, au mtu mwenye presha anayepoteza fahamu.

Mlaze kwa ubavu. Usimpe chakula, maji wala vidonge mdomoni, maana anaweza kupaliwa. Usimchanje chale na usipoteze muda kumkanda. Kumbuka saa dalili zilipoanza, chukua daftari na pakiti zake za dawa. Mtumie mtu kwa mhudumu wa afya wa kijiji (VHT), au kwa mwenyekiti wa RWC kwenye makazi na LC1 kijijini, ili gari la wagonjwa liitwe. Likichelewa, tafuteni pikipiki yenye watu wawili wa kumshika au gari lolote. Dalili zikipotea baada ya dakika chache, bado mpelekeni. Mara nyingi hiyo ni onyo la kiharusi kikubwa kinachokuja.

Wiki hii nyumbani kwenu

Kaeni pamoja jioni moja na kuulizana: nani hapa hajapimwa presha tangu mwaka jana? Nani alipewa vidonge akaviacha? Mzee aliyeacha asigombezwe. Pengine dawa ilimsumbua, pengine foleni ilimchosha, pengine alidhani amepona. Aende kituoni na mtu wa kumsindikiza, aseme wazi kwamba aliacha na tangu lini, ili mhudumu asimwongezee dozi akidhani ile ya kwanza haikufanya kazi. Kisha andikeni tarehe ya kurudi kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, na mmoja wenu apewe kazi ya kuikumbuka.